Makohozi Safi, Kifua Kigonjwa: Kwa Nini TB na VVU Hutafitiwa Pamoja Mbeya

Ukipanda daladala ya Mwanjelwa kwenda Uyole asubuhi ya mwezi wa sita, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi. Mtu akikohoa mara tatu mfululizo, shingo zinageuka. Akikohoa mara ya nne, tena akiwa amekonda, abiria hawahitaji daktari. "Huyo ndiyo hivyo tena," atasema mmoja. Maana yake ana TB, na mwenye TB ana ngoma, na mwenye ngoma anahesabu siku. Hukumu tatu kwa kikohozi kimoja, na hakuna hata moja unayoweza kuitoa kwa kumtazama mtu.

Shangazi yangu wa Tukuyu alihukumiwa hivyo mwaka 2025. Ameniruhusu nieleze yaliyompata mradi nisimtaje jina, nami nimeona niyaeleze kwa sababu karibu kila kosa linalozungumzwa vijiweni kuhusu magonjwa haya mawili lilimpitia yeye. Anaishi na VVU kwa zaidi ya miaka kumi, na muda wote huo hakuwa mtu wa kuruka dozi. Kisha ikaja Januari 2025. Marekani ikasimamisha ghafla misaada yake ya nje, ukiwemo mpango wa PEPFAR ambao tangu 2003 umebeba sehemu kubwa ya huduma za VVU katika nchi kama yetu. Redio zikatangaza. Kufika jioni habari ilikuwa imekwishageuka sokoni: dawa zinaisha. Shangazi akaanza kubana vidonge kama mtu anavyobana unga mwaka wa njaa, leo anameza, kesho anaruka, ili kopo likae. Hakumwambia mtu. Kliniki anakochukulia dawa hazikukatika, lakini yeye hakwenda kuuliza, aliogopa kuambiwa zimekwisha.

Miezi mitano baadaye alikuwa anakohoa.

Tuanze na majina, maana mkanganyiko unaanzia hapo. VVU ni virusi. Vinaingia mwilini kwa ngono isiyo na kinga, kwa damu, au kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua na kunyonyesha. Vikishaingia vinazishambulia chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo ndizo zinazotoa amri kwa kinga nzima ya mwili. UKIMWI ni hali anayoifikia mtu ambaye kinga hiyo imebomoka na magonjwa mengine yanaingia bila kizuizi. Mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri anaweza kuzeeka, akalea wajukuu, na asiufikie UKIMWI kamwe.

TB, yaani kifua kikuu, ni kitu kingine kabisa. Inaletwa na bakteria ambao Mjerumani Robert Koch aliwatangazia ulimwengu mwaka 1882, na bakteria hao wanasafiri hewani. Mgonjwa wa TB ya mapafu akikohoa, akiimba au akiongea kwa sauti, wanatoka na kuelea ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Hawaambukizi kwa kikombe, kwa sahani wala kwa kupeana mkono. Shangazi alitengewa bakuli lake na kijiko chake, tena na watu wanaompenda kwa dhati. Wangefungua dirisha wangekuwa wamejikinga zaidi, na yeye asingekula peke yake.

Tofauti kubwa kuliko zote ni hii: TB inapona. Ukimeza dawa sawasawa, bakteria wanakufa na ugonjwa unakwisha, hata kama una VVU. VVU bado havina dawa ya kuviondoa mwilini. Vina dawa za kuvifubaza, yaani ARV, vikalala kimya. Mtu ambaye vipimo havioni tena virusi katika damu yake hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Sasa, kama ni vitu viwili tofauti, kwa nini vinatajwa pamoja kama mapacha?

Wanaojua jiko la kuni la huku kwetu watanielewa upesi. Usiku, wakati wa kulala, mama hazimi moto. Anasogeza gogo, anafunika makaa kwa majivu, na asubuhi anapekua, anapuliza, moto unawaka bila kiberiti. Usiku kucha ukilitazama jiko lile utadhani limekufa. TB hukaa hivyo ndani ya watu. Inakadiriwa kuwa robo ya watu wote duniani wamekwishaambukizwa bakteria wa TB, na wengi wao hawatajua maisha yao yote. Hawakohoi, hawakondi, hawamwambukizi mtu. Kaa lipo, limefunikwa, na majivu yanayolifunika ni kinga ya mwili.

Kwa mtu mwenye kinga nzima, uwezekano wa kaa hilo kuwaka katika maisha yake yote ni kati ya asilimia 5 na 10. VVU visivyotibiwa vinayafagia majivu. Hapo uwezekano unafika karibu asilimia 10 kwa mwaka. Yaani hatari ambayo mwingine anaibeba kwa maisha mazima, mwenye VVU asiyetumia dawa anaibeba kwa mwaka mmoja, na mwaka unaofuata anaibeba tena.

Hiyo ndiyo sababu mtafiti wa VVU asiyejua TB anakuwa kama fundi anayeezeka nyumba bila kutazama ukuta. Mwaka 2023 peke yake, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa TB iliua watu milioni 1.25 duniani, na 161,000 kati yao walikuwa wanaishi na VVU.

Lakini uligeuze neno hilo uone lilivyo. VVU vinaamsha TB. Haina maana kwamba kila mwenye TB ana VVU. Majivu yanaweza kutawanywa na mengi: kisukari, utapiamlo, pombe ya kupindukia, sigara, utoto, uzee. Katika wilaya ya Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, vumbi la mawe ya kusaga linakwaruza mapafu mwaka baada ya mwaka, na mapafu yenye vumbi la namna hiyo huipokea TB kwa urahisi mno. Wazee wa Rungwe walioandikishwa na Wenela, shirika lililokusanya vibarua wa migodini, wakaenda kuchimba migodi ya Afrika Kusini walilijua vumbi hilo zamani, kabla VVU havijajulikana popote. Kwa hiyo mhudumu anapompima VVU kila mgonjwa wa TB, hajamshuku mtu. Anapima kwa sababu majibu yatabadilisha matibabu, na nitaeleza mbele kidogo yanabadilishaje.

Watu huuliza pia kwa nini watafiti wamejazana huku kusini. Takwimu zinajibu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2022/23 ulikuta kiwango cha maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe ilikuwa na asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mikoa mitatu ya juu kabisa, na yote inapakana. Sababu zinazotajwa ni nyingi na hakuna iliyo ya aibu: barabara kuu ya kwenda Zambia na malori yanayolala Makambako na Tunduma, reli ya TAZARA, mashamba ya chai na misitu ya Mufindi yanayovuta vibarua mbali na nyumba zao, na mila zisizokuwa na tohara katika sehemu kubwa ya Iringa na Njombe. Hilo la mwisho lilithibitika baada ya majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda yaliyokamilika kati ya 2005 na 2007 kuonyesha kuwa tohara inapunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Ndipo kampeni za tohara zikapandishwa milimani.

Jijini Mbeya kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, chenye mizizi katika ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich ulioanza miaka ya 1990. Kwa watu wengi wa hapa, kituo kile ni "pale wanapochukua damu". Ningependa kueleza kinachofanyika, na njia rahisi ni kurudi kwa shangazi, kwa sababu kila agizo alilopewa kliniki lilikuwa swali la mtafiti fulani kabla halijawa agizo.

Swali la kwanza lilimkuta kwenye makohozi.

Kituo cha kwanza alichokwenda walimpa dawa ya maji ya kikohozi na vidonge vya kawaida vya kuua bakteria. Alirudi baada ya wiki tatu, akatoa makohozi, yakapelekwa kwenye hadubini. Majibu: safi. Akarudi nyumbani akiwa na furaha na homa. Akaendelea kukonda.

Hapa ndipo pagumu, na ndipo panapoua. Hadubini inamtafuta bakteria kwa macho. Makohozi yanapakwa kwenye kioo, yanatiwa rangi, na bakteria wa TB wanaonekana kama vijiti vidogo vyekundu juu ya bluu. Ili jicho limpate hata mmoja, lazima wawepo maelfu katika kila mililita ya makohozi. Sasa, maelfu hao wanatoka wapi? Wanatoka kwenye mapango yanayochimbika ndani ya mapafu, na mapango hayo kwa sehemu kubwa ni kazi ya kinga yenyewe inapopigana na ugonjwa. Vita vikali vinabomoa nyumba. Mtu ambaye kinga yake imeshuka hana jeshi la kupigana vita hivyo. Mapafu yake hayachimbiki sana, makohozi yake yanakuwa na bakteria wachache, na hadubini inasema safi. Wakati huohuo ugonjwa unatambaa kwenda kwenye tezi, uti wa mgongo, ini, ubongo. Kadiri mtu anavyozidi kudhoofika kwa VVU, ndivyo kipimo kile cha zamani kinavyozidi kumkosa.

Watafiti waliliona hilo kwa uchungu: wagonjwa waliosomwa safi walikuwa wanakufa, na uchunguzi wa maiti ulikuwa unakuta TB. Swali likawa, tutampataje bakteria bila kumwona? Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha GeneXpert. Ni mashine yenye vyumba vidogo, kila kimoja kinapokea kikasha cha plastiki mfano wa kile cha wino wa printa. Makohozi yanaingia ndani ya kikasha, mashine inatafuta kipande cha vinasaba vya bakteria wa TB, inakirudufisha mara nyingi mpaka kisikike, na ndani ya saa mbili inatoa majibu mawili kwa pamoja: TB ipo au haipo, na kama ipo, inasikia dawa ya rifampisini au imeizoea. Mbeya ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kuipima mashine hiyo kwa wagonjwa halisi, na matokeo yalichapishwa 2011. Makohozi yaliyochukuliwa hapa, kwa watu wa hapa, yalisaidia kuonyesha kuwa inafanya kazi.

Kuna kipimo kingine, cha mkojo, kinachofaa hasa kwa mwenye VVU aliyezidiwa. Chenyewe kinanasa mabaki ya ukuta wa bakteria yanayochujwa na figo. Tabia yake ni kinyume cha hadubini: mtu anavyozidi kuwa dhaifu, ndivyo kinavyozidi kumpata.

Nilimpeleka mwenyewe kutoa makohozi mara ya pili, hospitali nyingine. Muuguzi hakumweka ndani. Alimtoa nje nyuma ya jengo, upande wa upepo, akampa kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, akamwambia asukutue kinywa kwa maji kwanza. "Mama, vuta pumzi mpaka chini. Ishike. Toa. Tena. Sasa ya tatu, kohoa kutoka tumboni, usikohoe na koo." Shangazi akatema. Muuguzi akaliinua kopo kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa upole. "Haya ni mate, mama. Mate ni ya mdomoni. Mimi nataka ya kifuani." Wakarudia mara nne. Mara ya nne kilitoka kitu kizito, cha njano iliyofifia, kiasi cha kijiko cha chai, na shangazi akakaa chini akitweta. Siku hiyohiyo mashine ikasema: TB ipo, rifampisini inaiweza.

Tazama basi ni mambo mangapi yanaweza kuharibika kabla hata daktari hajafikiri. Mate badala ya makohozi, kipimo kisichofaa mwili dhaifu, mgonjwa aliyetulizwa na neno "safi". Ukiambiwa safi na bado unakonda, rudi, na ukiwa na VVU waambie waziwazi.

Akapewa dawa. Kidonge kimoja kimebeba dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Nne hizo kwa miezi miwili, kisha mbili za kwanza kwa miezi minne mingine. Siku ya pili alinipigia simu akilia. Mkojo umekuwa mwekundu, dawa zinamkata figo, jirani kamthibitishia. Ile ni rangi ya rifampisini tu. Inageuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, na hata jasho na machozi yanaweza kuchukua rangi. Alipaswa kuelezwa siku ile anapewa dawa, na hakuelezwa. Najiuliza ni wangapi wameacha dawa kwa sababu ya sentensi moja ambayo haikusemwa dirishani.

Baada ya wiki nne alikuwa amepata hamu ya kula na kikohozi kimepungua, akauliza kama kuna haja ya kuendelea. Swali zuri. Wakulima wa viazi wa Uporoto wanalo jibu lake. Ukivuna viazi, hata uchimbe kwa uangalifu gani, vidogo vinabaki ardhini, na mvua ikirudi vinachipua katikati ya mahindi ya mwaka mpya. Dawa za TB zinaua haraka bakteria wanaokula na kuzaliana, waliolala wanasubiri. Miezi inayobaki ni ya kuwachimbua hao. Ukiacha katikati, watakaochipua ni wale waliokwishaonja dawa na kunusurika, na hiyo ndiyo njia mojawapo ya TB sugu kuzaliwa.

Je, lazima iwe miezi sita? Hilo ni swali hai la watafiti wa Mbeya na wenzao. Katika jaribio moja lililofanyika Tanzania na Afrika Kusini, Mbeya ikiwemo, wagonjwa walipewa rifampisini kwa dozi iliyokaribia mara tatu na nusu ya ile ya kawaida, kuona kama makohozi yatasafika mapema. Matokeo yalichapishwa 2017, na kweli kundi hilo lilisafisha makohozi kwa kasi zaidi katika kipimo cha kuotesha bakteria. Ni hatua moja tu ya safari, kwa sababu kusafika mapema na kupona moja kwa moja ni mambo mawili. Ila ndivyo miezi itakavyopunguzwa, kwa hatua kama hizo.

Agizo jingine lilimshangaza zaidi. Dawa yake ya VVU aliyokuwa anameza mara moja kwa siku ina dolutegraviri ndani yake; sasa aongeze kidonge kimoja cha dolutegraviri peke yake, ili aipate asubuhi na jioni. Alidhani wamekosea. Sababu yake iko kwenye ini. Rifampisini inalichochea ini lifanye kazi kwa bidii kupita kawaida, na ini lililochochewa hivyo linaifyeka dolutegraviri upesi mno kabla haijamaliza kazi yake. Kwa hiyo unaongeza dozi kufidia. Mwenye VVU akificha TB, au mwenye TB akificha VVU, dawa moja inaweza kuipora nyenzake nguvu bila yeye kujua. Hapo ndipo unapoona kwa nini vipimo hivyo viwili vinafanywa kwa mtu yuleyule.

Na yule ambaye ndiyo kwanza amegundulika na vyote viwili, aanze na kipi? Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kuchanganya dawa nyingi, wakawa wanamaliza TB kwanza, ARV baadaye. Mtafiti wa Afrika Kusini, Salim Abdool Karim, na wenzake wa Durban waliligeuza hilo kuwa jaribio lenye wagonjwa 642. Matokeo ya 2010 yalionyesha kuwa walioanza ARV wakiwa bado katika matibabu ya TB walikufa pungufu kwa asilimia 56 kuliko waliosubiri mpaka wamalize. Kusubiri ndiko kulikokuwa kunaua. Leo mwongozo ni kuanza TB, kisha ARV ndani ya wiki mbili hivi, isipokuwa TB ikiwa kwenye utando wa ubongo, ambako haraka ina hatari yake.

Kutokana na hilo kuna uvumi nimeusikia zaidi ya mara moja, Makete na Mbozi pia: "Alikuwa mzima, alipoanza ARV ndipo TB ikamlipukia." Wasemao hivyo hawadanganyi, wameona kweli. Wanachokosea ni sababu. TB ilikuwemo tayari, mwili ukiwa umechoka hata kuipigia kelele. ARV zikaamsha kinga, kinga ikafumbua macho ikamkuta adui ndani ya nyumba, vita vikaanza, na homa na uvimbe ni vumbi la vita hivyo. Daktari anajua namna ya kuvituliza. Kuacha ARV wakati huo ni kulirudisha jeshi usingizini.

Sasa habari ya damu. Huku kwetu hadithi za mumiani hazijafa, na mtu anayechukuliwa damu mara nne kwa mwaka na wageni wenye magari meupe ana haki ya kuuliza inakwenda wapi. Haki hiyo ina jina: ridhaa. Hakuna utafiti unaoruhusiwa kuanza nchini bila kamati ya maadili kuusoma, na hakuna mtu anayeingizwa bila kuelezwa kwa lugha anayoielewa nini kitachukuliwa, kwa nini, madhara gani yanaweza kutokea, na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Ukisomewa karatasi haraka haraka ukasukumiwa wino wa dole gumba, hiyo ni ridhaa mbovu, na una haki ya kukataa papo hapo. Damu inarudiwa kuchukuliwa kwa sababu swali lenyewe ni la muda: virusi vimepungua? CD4 zimepanda? Ini linavumilia? Picha moja ya mtoto haikuonyeshi kama anakua.

Jambo lililowachanganya watu zaidi ni la chanjo. Mbeya na Dar es Salaam, pamoja na Masaka nchini Uganda na Durban, zilishiriki jaribio la PrEPVacc, lenye washiriki 1,512. Novemba 2023 uchomaji wa chanjo ulisimamishwa, baada ya kamati huru inayochungulia takwimu kuona hakuna dalili kwamba chanjo zile zingeweza kukinga. Mtaani ikawa "wamechomwa virusi". Chanjo zile hazikuwa na kirusi kizima cha VVU; zilikuwa na vipande vilivyotengenezwa maabara ili kinga ivizoee, na kipande cha kirusi hakiwezi kuzaliana. Kilichoongeza moto ni hiki: mtu aliyepata chanjo ya namna hiyo anaweza kupimwa kwa kipimo cha kawaida cha VVU kikasoma ameambukizwa, wakati hana virusi. Kipimo kile kinatafuta askari wa kinga waliotengenezwa dhidi ya VVU, na chanjo imekwishawatengeneza. Kinahitajika kipimo kingine kinachomtafuta kirusi mwenyewe. Kijana aliyeshiriki asipolijua hilo, siku anapimwa ili aoe anaweza kuvunjikiwa maisha bure.

Hadi leo hakuna chanjo ya VVU iliyothibitika. Sindano ya lenakapaviri ya kila miezi sita, inayotajwa sana tangu 2024, ni dawa ya kumkinga ambaye hana VVU. Athari yake inakwisha usipoirudia, na haimponyi aliyekwishaambukizwa.

Kwa TB ipo chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu begani, na wengi wanadhani wakishaipata utotoni wamemaliza. Inamkinga mtoto mchanga na TB kali, hasa ya ubongo. Kwa TB ya mapafu ya mtu mzima ulinzi wake ni mdogo. Kwa mtu mzima mwenye VVU asiye na TB kuna kitu bora zaidi, dawa kinga. Turudi jikoni: ARV zinarudisha majivu, dawa kinga inamwagia kaa maji. Ni isoniazidi ya kila siku kwa miezi sita, au mchanganyiko wa isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Mjukuu wa shangazi, wa miaka mitatu, aliyekuwa analala naye kitanda kimoja, alichunguzwa, akaonekana hana TB, akapewa dawa kinga. Ni mambo machache yaliyonifurahisha mwaka ule kuliko hilo.

Neno moja kwa wanaosoma wakiwa na kikohozi. Ile kanuni ya kwenda kupimwa TB kikohozi kikifika wiki mbili ni ya mtu asiye na VVU. Ukiwa unaishi na VVU, kikohozi cha siku yoyote, homa, kukonda, au jasho la usiku linalolowesha shuka, kimoja tu kati ya hivyo kinatosha uombe kupimwa TB, usisubiri. Kipimo na dawa katika vituo vya serikali ni bure.

Shangazi alimaliza dozi mwezi wa kwanza, mwaka mmoja kamili tangu uvumi ule wa sokoni. Makohozi yalisoma safi, na safari hii kwa kipimo ninachokiamini. Wingi wa virusi umeshuka tena. Lakini mlima wa kwenda kanisani, ambao zamani aliupanda akiimba, sasa anaupumzikia mara mbili. Kwa muda mrefu mgonjwa kama yeye alihesabiwa amepona na daftari likafungwa. Watafiti wa Mbeya, pamoja na wenzao wa Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini, wamekuwa wakiwafuata watu waliomaliza dawa za TB, wakiwapulizisha kwenye mrija unaopima pumzi, wakiwauliza kama wamerudi shambani, kama mapato yamerudi, kama bado wanatweta, ili ijulikane mapafu yanabaki na makovu kiasi gani na nani anayapata zaidi. Nilimweleza hayo tukiwa tumekaa juu ya jiwe, kituo cha pili cha mapumziko yake. Akanyamaza mpaka pumzi iliporudi.

"Wakija huku," akasema, "waambie na mimi nipo. Nitawapulizia."